Deni la Supu

Ukitoka mtoni ukipanda Grogani
(Kirinyaga ni jina la kwenye kibao tu),
kati ya muuza gasketi na fundi wa redieta
kuna mlango wa kijani usiojua kufunga.
Hapo ndipo Katikati.
Jina hilo hakulichagua mtu.
Lilikuwa duka la mchele na sukari,
la Syokau wa Ndeti, mjane wa gadi wa reli,
na watu walipoulizana tukutane wapi
walijibu: pale katikati.

Sufuria ilikuja kwanza. Kisha benchi.
Kisha kreti ya bia chini ya kaunta,
moto tu; baridi ilikuwa ya wenye mji.
Muthokoi Jumanne, supu ya kichwa kila siku,
na pilipili ambayo hakuna aliyeambiwa inatoka wapi.

Daftari la madeni lilikuwa na jalada jeusi.
Mwaka mto ulipovuka kizingiti
daftari lilielea likatoka mlangoni kama bata,
na Syokau, maji magotini,
akaokota mkaa akaandika ukutani
yote aliyoyakumbuka.
Aliyakumbuka yote.

Ukilipa, alikufuta kwa ncha ya leso.
Usipolipa, ulibaki,
na polepole watu wakaonea fahari kubaki.
Wakaja makarani wenye tai
kukopa soda moja, na mifukoni wana za kreti nzima.
Mkaa ukawa kalamu, kalamu ikawa msumari.
Oduya wa redieta alichonga juu ya mlango wa choo:

*Mama nipe supu yako, nitalipa kesho kutwa,*
*mfukoni ni kijiko, pesa zote zimekatwa,*
*usinitilie mwiko, mwenye njaa hatasutwa,*
*niandike ukutani, hata nife sitafutwa.*

Amekufa. Choo kimehamishwa.
Mlango upo.

Bwana afya alikuja na ndoo ya chokaa.
Kuta zikawa nyeupe kama sanda, wateja wakanywa kimya,
na kabla ya Krismasi kila mtu alikuwa amejichimbua
kwa ufunguo, kwa kizibo, kwa ukucha.

Juzi aliingia daktari wa Kikuba, Yamilé,
kaletwa na wauguzi baada ya zamu ya usiku.
Akashika ukuta kama anayepima homa.
Akasema kwao Havana kuna mkahawa mkongwe,
nao ulianza na mchele, nao umejaa majina hadi darini,
na babake ameandikwa humo, karibu na dirisha.
Akaomba ramu, ndimu na mnanaa.
Mnanaa haukuwepo. Tukampa dania.
Akaiponda kwa kijiko, akaonja, akacheka
hadi akalazimika kuketi.

Mimi sikwenda kucheka.
Nilikwenda na shilingi elfu moja iliyokunjwa mara nne
kutafuta mwandiko ninaoujua kwenye barua za shule.
Niliupata nyuma ya friji, chini, mahali pa mtu aliyeinama:
*Muthiani. Supu 2, chapati 1. Nitalipa Jumatatu.*
*29/7/82.*

Jumatatu ile, waijuao wanaijua.
Baba alirudi Kathiani bila sare, bila viatu,
akalima mahindi miaka thelathini,
na mji huu hakuutaja
ila siku ya mwisho mwisho, alipokataa uji,
akasema, ile supu.

Nikamwekea Kalunde pesa kwenye kaunta.
Ni binti wa Syokau; ana macho ya kuhesabu.
Nikamwambia, dawa ya deni ni kulipa.
Akaisukuma noti kwa kidole kimoja.
"Ukilipa," akasema, "itabidi nimfute."

Fundi wa jirani alikuwa akigonga bati.
Friji ikanguruma, ikanyamaza.
Nikarudisha noti mfukoni.

"Supu mbili," nikasema. "Chapati moja."
Akaniuliza, moto au baridi,
kwa mazoea tu, kisha akajicheka,
akanipa msumari.